Moshi wa Majani ya Arlington

Nianze na ujinga wenyewe: nikiwa darasa la tano niliwasha moto nyuma ya nyumba yetu hapa Arlington, na wazimamoto wakaja na ving'ora vyao kana kwamba nimeteketeza Texas nzima. Yalikuwa majani tu, ya mwaloni, yaliyolala na umande, na moshi wake ulikuwa mzito, mchungu, wa kukwama kooni hadi jioni. Msimu huo wa majani kuanguka, shosho yangu, mamake mama, alikuwa amezikwa kwao Nyeri, Kenya, na mama aliyatazama mazishi kwenye simu, ndani ya gari, nje ya hospitali anakofanya uuguzi. Kisha akafuta uso akarudi wodini. Tangu hapo hakukaa chini. Alichukua zamu za wenye harusi, za wenye mafua, hata za wavivu. Alikula akiwa amesimama kama farasi. Siku moja alisinzia kwenye usukani, gari likapanda ukingo wa barabara nami nikiwa kiti cha nyuma. Nilicheka, maana mimi hucheka tu, lakini kuanzia siku hiyo kila alipochelewa nilisimama dirishani nikitafuta taa za gari lake.

Sasa, mama alikuwa akitusimulia kwamba shosho alifagia uwanja kila asubuhi, akachoma majani, na hapo pekee ndipo alipotulia, chai mkononi, asitake kuulizwa lolote. Kichwa changu kikaamua: tukipata moshi, mama atakaa. Basi Jumamosi moja asubuhi, akiwa njiani kutoka zamu ya usiku, nikafanya rundo, nikaweka kiti cha plastiki kando, nikawasha. Jirani yetu Mkongomani, Baba Espérance, akachungulia juu ya ua.

"Weye mutoto! Unachoma nini? Huku majani banatiaka mu mifuko!"

"Natengeneza Nyeri," nikamjibu.

"Nyeri yako itatufukuzisha!" Akakimbilia mpira wa maji, lakini mtu alikuwa ameshapiga simu.

Gari la mama lilifika nyuma ya lile la wazimamoto. Alikuja mbio na sare zake, kiatu kimoja kimemtoka, akiita jina langu. Walipomaliza kutuhubiria na kuondoka, nilijiandaa kwa kofi. Halikuja. Alisimama juu ya majivu yaliyolowa, akavuta pumzi ndefu, akajiachilia kwenye kile kiti na kulia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto. Nilitafuta mzaha, nikakosa. Baba Espérance alivua kofia, akaingia kwake polepole.

Siku hizi niko sekondari, na majani hayapati hata nafasi ya kulala chini. Vijana wa mashine huyapuliza mapema, kwa kelele. Mama bado huchoka, na wakati huu wa mwaka uso wake hufifia. Ila huacha zamu moja kila wiki, akaketi nyuma ya nyumba na chai hadi ipoe, nami huketi kando yake bila simu, jambo gumu kuliko hesabu za shule. Hatuponi, tunakaa tu. Tulianza asubuhi ile ya moshi, alipojipangusa kwa mkono wa sare na kuniambia, "Simu ilikwama, Muriuki. Sikumwona akishushwa. Kaa hapa na mimi, na leo tu, usiseme kitu."