Siku Niliyomwaga Beseni la Sonara

Msinionee huruma, chekeni tu, maana hata shangazi yangu, mwanamke anayetokwa na machozi kuku akichinjwa, siku ile alicheka mpaka akakaa chini. Mimi ndiye yule Doto aliyemwaga beseni la Baba Mira karibu na soko, hapa Geita, saa nne asubuhi, nikiwa na sare ya shule, na kama umeisikia habari hii kwa bodaboda basi umeisikia na chumvi, ingawa si nyingi.

Chanzo ni mwalimu wetu wa biashara. Wiki ile alitufundisha makosa ya madai, kwamba mwenye duka ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa kila anayeingia, na akiuvunja kwa uzembe, na wewe ukaumia kwa sababu hiyo, hafungwi jela, anakulipa fidia. Wenzangu waliandika wakasahau. Mimi nikaanza kuishuku dunia nzima. Muuza chipsi, mafuta yake yanaruka: uzembe. Mama wa kantini, benchi lake lina msumari: uzembe. (Msumari ule niliukalia mara mbili, ya pili kwa kusudi, nipate ushahidi.)

Jumamosi, nilipotoka tu masomo ya ziada, shangazi, ambaye hawezi kuiacha meza yake ya vitenge, akanituma ng'ambo ya barabara kwa sonara, Baba Mira, nikachukue hereni zake zilizokuwa zinaungwa. Baba Mira ni Mhindi wa hapa hapa, Kisukuma chake kinanishinda mimi Msukuma wa kuzaliwa, wa Ibadakuli, niliyehamia Geita juzi juzi kwa ajili ya shule. Sasa pale mlangoni kwake pana kizulia kilichochakaa na beseni la maji meusi, na kila fundi anayetoka, hata anayekwenda kununua vocha tu, lazima anawe humo na kujipangusa miguu. Sabuni hakuna. Nikajiuliza, ni mtu gani ananawa maji machafu kuliko mikono yake? Nikakumbuka zebaki, ile sumu ambayo wachimbaji wanakamatia dhahabu. Nikasema hapa kuna jambo.

"Shikamoo Baba Mira. Haya maji ni ya nini?"

"Marahaba mwanangu. Ya kunawa," akajibu bila kuinua macho, halafu haraka haraka akaniuliza hali ya masomo. Umeona? Mtu asiye na siri habadilishi mazungumzo! (Leo najua kwamba mwenye mali hatangazi mahali ilipo, lakini siku ile akili yangu ilikuwa likizo.)

Wakati wa kutoka, macho yakiwa kwenye beseni badala ya njia, nikateleza kwenye majimaji nikakaa chini puu! Sikuumia hata kidogo, na hakuna aliyeniona, ningeinuka nikaenda zangu. Lakini nilishapiga mahesabu: wajibu upo, uzembe upo, yamebaki madhara tu. Nikaanza kuchechemea na kumlilia mama kwa Kisukuma, "Mayu wee, mguu wangu!" Watu wakageuka, na mimi nikiona watu wamegeuka huwa sijiwezi.

"Jamani, huyu mzee anaweka zebaki mlangoni! Tunaoshwa na sumu!"

Mama mmoja aliyeleta mkufu wake akaurudisha kwenye pochi akaondoka. Nikanogewa. Nikalibeba beseni lote, nikalimwaga mtaroni, niwaokoe wananchi.

Baba Mira akatoka, akautazama mtaro, akashika kichwa. "Doto," akasema taratibu, "umemwaga miezi minane." Kumbe ule unga wa dhahabu unaobaki kwenye vidole vya mafundi unaoshwa humo, unazama, na hata kile kizulia huwa kinachomwa, majivu yakaoshwa. Tope la beseni lile lilikuwa liwe pete ya harusi ya binti yake, Mira.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini hii ni Geita, mji wa dhahabu. Muuza maandazi alishaingia mtaroni na karai lake, mafuta bado yamo. Bodaboda watatu wakaacha abiria. Mmoja wao, Masanja, akaninyooshea kidole.

"Subirini kwanza. Mtu mwenye mguu mbovu anabebaje beseni zima? Huyu dogo katumwa! Kuna mwenzake kule chini anakinga!"

Wote tukatazama kule chini, na kwa balaa langu, Juma wa darasani kwetu alikuwa ameinama kando ya mtaro ule ule, anafua raba zake kwenye ndoo. Ningekuwa wao, ningetushuku pia. Neno "mwizi" likaanza kupita kwa watu, na mnajua likishapita mara ya pili linafuatwa na mawe. Nilikuwa na njia mbili, niwe mwizi au niwe mjinga.

"Si kusudi! Ni uzembe! Mimi ni mzembe!"

"Pandisha sauti!"

"Mimi ni mzembe, mguu ni mzima, na zebaki sijaiona!"

"Kweli jamani," shangazi akadakia akivuka barabara, "mzembe tangu azaliwe, nilimpokea mimi mwenyewe!" Na ndipo akaanza kucheka, soko zima likamfuata.

Baba Mira hakucheka. "Shuleni wanasema fidia ni nini?"

"Kumrudisha aliyeumizwa pale alipokuwa."

"Basi nirudishe."

Nilichota tope la mtaro kwa kijiko mpaka jioni, na kila nikiinuka macho arobaini yananikagua. Mtaro ulikuwa umeziba kwa takataka, ndiyo pona yangu. Nilipomaliza nikanaweshwa, mifuko ikapinduliwa, kucha zikasuguliwa. Kesho yake nikapita meza kwa meza kusema habari ya zebaki ni uongo wangu, maana kumbe kumchafulia mtu jina nalo ni kosa la madai (siku lilipofundishwa nilikuwa nimelala darasani), na yule mama wa mkufu alinifanya nirudie mara tatu.

Nimeapa, nikiteleza popote nitainuka, nitajipangusa, nitamshukuru mwenye sakafu. Baba Mira alipoliosha lile tope na kuipima dhahabu, akasema nusu imepotea. (Mizani ilikuwa imenipa mgongo, namba zake sikuziona. Nilitaka kuishuku, nikakumbuka beseni.) Pete ikatoka. Mira akaivaa, akaigeuza geuza.

"Nyembamba," akasema, kisha akanitazama. "Nikiachika, ninajua nitamdai nani."

Tangu hapo kila siku namwombea mume wake, mtu ambaye hata sijawahi kumwona, Mungu ampe subira.