Ubao Nilioulowesha Ijumaa

Katika mwaka wa kwanza wa nyumba yetu mpya karibu na Nyaramba nilihamisha makochi mara nne. Mume wangu anafanya kazi Nakuru na huja mwisho wa mwezi, na kila akija hugonga goti mahali palipokuwa wazi mwezi uliopita. Mimi ni karani katika ofisi za serikali mjini Nyamira. Kutwa nzima nimekaa kitini, labda ndiyo maana nikifika nyumbani siwezi kukaa. Mikono huniwasha mpaka nipate kitu cha kukigeuza.

Rafu niliiona kwenye simu. Ubao mnene umetokeza ukutani, hauna mguu wala chuma kinachoonekana, na ukingo wake wa mbele haukupigwa randa: umeachwa na mikunjo yake, vile mti wenyewe ulivyokua. Niliitaka siku hiyo hiyo. Mimi kitu nikikitaka nakitaka jana.

Baba mkwe wangu alikuwa seremala hadi macho yalipoanza kumwacha. Siku hizi anaona kama mtu anayechungulia ndani ya jiko lililojaa moshi. Nyumba yake iko juu ya yetu, ng'ambo ya majani chai, na ghalani mwake alikuwa amebakiwa na ubao mmoja tu wa saiprasi, unene wa vidole vitatu, uliokaa darini miaka mingi ukikauka. Wanawe hawakuwahi kumwomba hata kijiti. Nilipouomba mimi aliubeba mwenyewe begani mpaka kwenye veranda yangu.

"Huu nilipasua nikiwa bado naona," alisema. "Hakuna mwingine. Umalizie wewe, lakini usiharakishe."

Aliishia kwenye veranda kwa sababu ndipo baba mkwe anapoishia. Sisi Wagusii tuna chinsoni, ile heshima na haya baina ya mtu na wakwe zake, na kwa hiyo baba hapiti mlango wa mwanawe aliyeoa. Wengine wamelegeza. Yeye hapana. Mimi humletea kiti na chai pale nje, tukaongea, yeye akiyaelekea majani chai nami nimesimama mlangoni nikimwita Tata, yaani baba.

Kosa langu nilitoka nalo kwetu. Nimezaliwa Tabaka, kwenye machimbo ya lile jiwe laini la kuchonga. Wanaume huchonga, wasichana na mama zao hukaa kando ya beseni la maji wakisugua kwa msasa mpaka jiwe liteleze. Nimesugua sahani na viboko na vifaru tangu darasa la tatu, na sijawahi kusugua kitu kikavu maishani mwangu. Basi Ijumaa ile, jua likielekea kuzama na Sabato ikinijia mbio, nilijaza beseni, nikaulowesha ubao upande wa juu, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Ulipendeza! Mistari ya mti ilijitokeza, jiko lote likanukia saiprasi. Nikauegemeza karibu na moto ili ukauke upesi, nikaoga, Sabato ikaingia.

Kesho yake nilirudi kutoka kanisani nikaukuta umejikunja, kingo zote mbili zimeinuka kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Nilitaka kuukandamiza, kuukalia, kufanya lolote lile. Lakini sisi Wasabato siku hiyo hatushiki kazi. Nikaizunguka nyumba. Nikafungua Biblia nikaifunga. Nikaenda jikoni kuuangalia, nikatoka, nikarudi tena, kana kwamba ungenihurumia ujinyooshe. Sijawahi kuichukia siku takatifu kama nilivyoichukia ile.

Jumapili asubuhi nilimpigia mume wangu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwani ulikuwa unaosha mbao ama sufuria?"

"Usinicheke. Mzee ataniuliza, nitamwambia nini?"

"Mwambie iko sawa tu. Si haingii ndani? Ataiona wapi?"

Sitamtupia yeye lawama. Alinionyesha njia, lakini miguu ni yangu. Mzee aliposhuka saa nne na kuuliza ubao unaendeleaje, nilimwambia uko sawa, unakauka. Aliitikia kwa kichwa akanywa chai yake. Nami nikaona jinsi ilivyo rahisi kumdanganya mtu aliyefungwa na heshima yake mwenyewe nje ya mlango.

Niliusukuma ubao chini ya kitanda, nikapanga matofali juu yake. Haukushtuka. Wiki ya pili mzee aliniletea vipande viwili vya nondo, alivyokuwa amevikata na kuvinyoosha kwa kupapasa, vya kuingiza ukutani ili vishike rafu kwa ndani. Nikavipokea. Wiki ya tatu nilimwambia nimeshautundika.

"Ukiweka kitu juu inalia?"

"Hailii, Tata."

"Umeweka nini?"

"Redio. Na maua."

Hata maua sikuwa nayo. Nilikuwa nikiamka usiku nikikumbuka maua yale. Kazini nilikosea kuandika barua moja mara tatu. Nikaanza kuchukia akija, halafu nikichelewa kumwona namtafuta kwa macho kule juu kwenye majani chai. Sikuwa na raha ndani wala nje.

Sabato iliyofuata, baada ya ibada, nilimkuta kivulini pamoja na wazee wenzake. Hakunitambua nikipita. Alikuwa akiwaeleza, mikono yake ikipima hewani urefu wa ubao, kwamba kati ya watoto wote ni mke wa mwanawe ndiye aliyerithi mkono wake, na kwamba rafu ile hailii hata ukiipandishia redio. Wazee wakasifu. Nilihisi aibu ikinipanda kutoka miguuni. Uso niuweke wapi?

Sikungoja ibada ya jioni. Mzee alipokwisha kurudi nyumbani, niliutoa ubao chini ya kitanda, nikaubeba mpaka kwake, nikaulaza kwenye nyasi mbele ya miguu yake. Nikamwambia yote: beseni, moto, matofali, maua ambayo hayakuwepo. Aliinama, akapitisha kiganja juu ya ubao, polepole, kutoka ukingo hadi ukingo. Kiganja kilishuka kikapanda.

"Tangu lini?"

"Tangu Sabato ile ya kwanza, Tata."

"Ungeniambia Jumapili," alisema, na sauti yake ilikuwa kali, sijawahi kuisikia hivyo, "tungeulowesha upande wa pili, tukaulaza mahali palipo sawa, tukaupandishia mawe. Mbao ikiwa bado na maji inasikia. Sasa imekauka hivyo. Nilikuuliza! Nilikuja nikakuuliza!"

Aliingia ndani akaniacha na ubao wake. Nililia njia nzima nikirudi nao.

Siku nne hakushuka. Ya tano alishuka na msumeno na drili ya kuazima, akasema upande mmoja ulikuwa umepinda kidogo tu, huo ndio utabaki, mwingine utakatwa, na rafu itakaa veranda. Hakunisalimia. Tulikata, akapiga randa tumbo la ubao huku akiupapasa, ukingo wa mbele akauacha na mikunjo yake. Kilichobaki hakikufika hata nusu. Kukishika mmoja huku na mmoja kule kulitusogeza karibu kuliko tulivyozoea, na sote wawili tukawa tunatazama pembeni.

Ukuta alitoboa mwenyewe, nikimwelekeza ncha ya drili. Akaingiza nondo zake, akalaza juu yake pima maji ya kuonyesha usawa, akainama mpaka pua ikakaribia kuigusa. Akabaki hivyo. Kisha akainuka.

"Nisomee. Imenyooka?"

Kiputo cha hewa kilikuwa kimekimbilia upande wangu, pungufu ya punje ya mahindi. Mawingu ya saa tisa yalikuwa yameshafunika Nyaramba yote. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, shati limemganda mgongoni. Tofauti ile hakuna mgeni ambaye angeiona. Na mimi nilitaka kumaliza, jamani, nilitaka kumaliza mpaka meno yakaniuma.

"Haijanyooka, Tata. Upande wako umeshuka."

Akazing'oa nondo zote mbili, akazifuta kwa shati, akaniambia nikoroge simenti ya kuziba matundu ilale mpaka kesho.

"Na kesho usiende mbali," alisema. "Utanisomea tena."