Mwito wa Dunguni

Wamerudi tena, rafiki yangu. Kila mwaka waliosoma chuo hiki cha jirani, hapa Ifakara, hurudi wikiendi moja kukumbushana ujana wao, na tangu Ijumaa spika wamezielekeza dirishani kwangu. Bajaji zinashusha watu, wanafunzi wa sasa wanapuliza mavuvuzela, vikombe vinatetemeka kabatini. Jana nilikwenda getini kuomba wapunguze. Kijana mmoja akaniamkia vizuri tu, "Shikamoo mama. Tuvumilie, ni mara moja kwa mwaka. Unajua hapa ndo nyumbani kwetu." Nyumbani kwao! Nilirudi nimefura.

Pale penye mabweni, mpaka hapa uani kwangu, palikuwa shamba la bibi yangu, kabla chuo hakijalitwaa na kutuachia kipande hiki cha nyumba. Mpunga ukianza kujaza punje, sisi watoto tulishinda juu ya madungu, vile vichanja virefu vya miti, tukifukuza ndege kwa makopo na mayowe. Bibi alinifungia pepeta kwenye kitambaa, mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, bado una joto na harufu ya moshi. Usidhani tulikuwa wapole. Tulipiga kelele kuliko hawa! Ila kila nyumba ilikuwa na mwito wake, na ukiitwa kutoka dungu la jirani, unaitikia. Usipoitikia, mtu mzima anaacha kazi yake anakuja kutazama kama umeumwa na nyoka. "Ukinyamaza najua chatu kashakumeza," bibi alikuwa akinitania. Siku malaria iliponiangusha kule juu, jirani alifika kabla sijamaliza kutapika, akanibeba mgongoni mpaka nyumbani.

Mwaka juzi, wikiendi kama hii, bibi alianguka uani akienda chooni. Mimi nilikuwa jikoni, hapo hapo karibu. Aliniita kwa jina. Alipoona kimya, akaita mwito wetu wa dunguni, mpaka sauti ikamkauka. Nilimsikia pale tu muziki ulipozimwa ili mgeni rasmi ahutubie. Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali walijitahidi, lakini hakuinuka tena kitandani, na kabla ya mavuno tukamzika. Nyonga hakuilalamikia sana. "Nimeita kwenye shamba langu mwenyewe, mjukuu wangu," aliniambia, "na sikuitikiwa." Maneno hayo yananichoma hadi leo.

Jioni hii umeme umekatika, spika zikanyamaza ghafla. Sijui nilipatwa na nini. Nilisimama uani, pale pale alipoangukia, nikapaza mwito wetu kwa nguvu zangu zote. Ng'ambo ya ukuta wakaitikia! Kwanza mmoja, kisha wengi, kisha chuo kizima, wakiuiga na kuangua vicheko, wakidhani ni sehemu ya shangwe zao. Umeme uliporudi wakafungulia muziki, na mimi bado nimesimama, mjinga mimi, nasubiri mtu. Maana zamani, aliyekuitikia alikuwa tayari njiani anakuja.