Hotpoti ya Jirani na Serotonini ya Mama

Mwambie Mhaya aache pombe, atakusikiliza. Mwambie aache nyama, atasema tumwombe Mungu. Mwambie aache ndizi, atakuuliza amekukosea nini. Daktari mmoja pale Bukoba alimwambia mama yangu asiguse ndizi siku tatu, na mama akanigeukia mimi kana kwamba ndimi niliyetunga sheria hiyo.

Alikuwa anaumwa kweli. Miezi kadhaa tumbo lilikuwa linamwendesha, na mara joto linampanda usoni, moyo unamwenda mbio, kisha yanapita. Nikamtoa Rubafu, nikamleta kwangu Kagondo, tukaenda hospitali. Daktari akatueleza habari za serotonini. Mimi nikadakia kwamba naijua, ni ile kemikali ya furaha, inakaa kichwani. Msomi haishi kujionyesha. Daktari akasema kichwani imo, lakini nyingi zaidi hutengenezwa tumboni. Mwilini ina vipokezi vyake vya kila namna, vinavyopokea ujumbe wake, na kila aina ina kazi yake: kuna vinavyouambia utumbo usukume chakula, kuna vinavyoleta kichefuchefu ukila kitu kibaya, na kwenye kidonda husaidia damu kuganda. Kuna uvimbe mdogo, wa nadra, unaoweza kuimwaga ovyo mwilini. Huo ndio aliokuwa anautilia shaka.

Kipimo chenyewe ni mkojo wa siku nzima, unaokusanywa kwenye galoni. Lakini ndizi zina serotonini yake, kwa hiyo ukizila kipimo kinapanda bure.

"Sasa daktari, nile nini?" mama akauliza.

"Wali, mama. Ugali. Viazi."

"Hivyo ni vya kusindikizia. Nimeuliza chakula."

Daktari akamwambia ni siku tatu tu na ile ya mkojo. Mama akasema kama ndizi zina hiyo kemikali ya furaha, basi ndiyo maana Wahaya wako vile. Daktari akamjibu kwamba ya kwenye ndizi haifiki kwenye ubongo, inaishia tumboni na kutoka. Tulipofika nje mama akaniuliza huyu kijana kwao ni wapi. Nikasema Dodoma. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Nilimsimamia kama askari. Ndizi zote nilizitoa ndani, hata mkungu uliokuwa umeanza kuiva nikaugawa. Asubuhi nilimpikia wali, nikaufunika mezani, nikaenda kazini. Jioni nilimkuta ameukwangua pembeni kidogo. "Tangu jana sijala," alikuwa anamwambia mtu kwenye simu, na sahani ya ugali niliompikia jioni iko mbele yake. Hasira ninazo, lakini mgonjwa ni mgonjwa.

Majibu yalipokuja yalikuwa juu sana. Daktari akasema itabidi twende Mwanza kwa picha, na wakiuona uvimbe watampasua. Niliogopa. Tulirudi nyumbani, nikakaa kwenye kochi nikalia waziwazi. Baba tulikuwa tumemzika mwaka huohuo. Mama alikuwa anaitazama dari.

Hapo mlango ukabishwa. Akaingia jirani yangu, mama mmoja anayeimba kwaya ya kanisani kwetu.

"Poleni waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya. "Nimefuata hotpoti yangu."

Mimi sikuwa na hotpoti ya mtu. Mama akaendelea na dari.

"Ile tuliyoleta siku ile tulipokuja kumwombea," jirani akaeleza. "Ya ebitoke na maharage."

Ebitoke, yaani ndizi za kupika. Kumbe mimi nikiwa kazini, kina mama wa kwaya walikuja kumwona mgonjwa. Na kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, wala hupeleki wali, watu watakushangaa. Wakaomba Mungu kipimo kitoke vizuri, wakasema amina, wakafungua hotpoti, wakampa kitu kile kile cha kukiharibu. Hotpoti niliikuta chini ya kitanda chake, imeoshwa safi, imefungwa kwenye kitenge.

"Mama, ulikuwa tayari kupasuliwa?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema," akajibu. "Ukaanza kulia, nikaona nikuache umalize."

Nilicheka huku bado machozi yanatoka, na nilikuwa nimemkasirikia kwelikweli. Tukarudia kipimo. Safari hii nilichukua likizo, nikala alichokula. Siku ya pili mimi mwenyewe niliota ndizi, ila hilo sikumwambia. Majibu yakarudi ya kawaida kabisa.

Daktari alifurahi, kisha akamwambia kwamba tumbo lina mishipa yake ya fahamu na wasiwasi wake, na mtu akibeba jambo zito, utumbo na moyo vinaweza kusumbuka bila uvimbe wowote. Akamuuliza haya yalianza lini.

Mama akatazama mikono yake. "Baada ya arobaini ya baba yao," akasema. "Mpaka leo namenya ndizi za watu wawili. Mkono umezoea. Nikikaa kula, tumbo linakataa."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Siku ile ya kwaya tulikaa chini tukala wote," akaongeza. "Siku ile halikuniuma."

Nikaukumbuka wali wangu uliofunikwa mezani. Daktari akamwandikia vidonge na akamruhusu ndizi, na mama akamshukuru kwa zile ndizi tu.

Alirudi kwake wiki ileile. Jumamosi iliyofuata nikapanda gari kwenda Rubafu, bila kupiga simu. Nilimkuta jikoni amekwisha kupika, na alipopakua nikaona ni ndizi za watu wawili. Tulikaa kwenye mkeka tukala, na safari hii hazikubaki.