Chupa ya Kahawia ya Kaluki

"Mama Yvonne, umekaa na chupa yangu tangu Pasaka, halafu unaambia watu mafuta yangu yananuka." Kaluki alinijia hivyo hapa dukani kwangu Kinoo, mbele ya wateja wa maharagwe.

"Nimesema ukweli. Yananuka kama mafuta ya chipsi ya juzi."

Huyu Kaluki alitoka Mwingi, akafulia watu nguo Kilimani miaka mingi, mpaka sabuni ikampasua mikono. Ndipo akaanza kukamua mafuta ya avokado ajipake. Mabibi aliowafulia wakayaona, wakataka ya uso, ngozi isizeeke haraka. Siku hizi hafui tena. Mafuta ndiyo unga wake.

Mimi sikumwamini. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, uso laini hivyo? Nilijua kuna krimu anaficha. Nilipomuuliza alisema, "Kunyanzi likishaingia halitoki. Mafuta yanasaidia ngozi isikauke. Kazi ile ingine ni ya hii kofia ya kuzuia jua." Sasa muuzaji gani anakwambia dawa yake haiwezi? Nikazidi kumshuku. Yangu yaliponuka, nikatangaza kwenye chama chetu cha kina mama. Wiki mbili, hakuna aliyenunua hata tone.

"Yako wapi niyanuse?" akaniuliza.

Nikamwonyesha dirishani. Yalikuwa kwenye chupa ya soda inayoonyesha ndani, jua limeyapiga tangu Pasaka. Niliyahamisha nione kama ameyatia maji. Ile chupa yake ya kahawia niliiwekea mafuta ya taa.

Akayanusa, akaiangalia chupa, akaniangalia. "Si nilikuambia yasione jua?"

"Uliniambia. Nikadhani chupa ya kahawia ni ya kuficha kitu."

Akaifunga ile chupa ya soda. Akaenda zake, na hiyo ndiyo iliniuma.

Jumapili nikabeba chupa yake mpaka kwa chama. Nilikuwa nimeiosha kwa maji moto mara nne. Nikaiweka mezani, nikasema mbele ya wote kwamba mafuta yalikuwa mazuri, ni mimi niliyeyaanika kama mahindi.

"Na wewe na pua yako," mwenzetu Naliaka akanicheka, kisha akamgeukia Kaluki. "Umebeba mengine?"

Kaluki akafungua kiondo. Alikuwa na chupa sita. Nani alimwambia nitasema, mpaka leo sijui. Zote zikaisha.

Kisha akaichukua ile ya kahawia niliyoiosha, akainusa, bado mafuta ya taa, akanirudishia.

"Hii haifai tena. Kaa nayo, Mama Yvonne. Sikudai."