Mwana wa Chumba Namba Tatu

Bayuo kwao ni hapa hapa Bozuri. Kitovu chake kimezikwa nyuma ya ghala la mtama, na aliyeshika jembe ni mimi, mama yake hakuwa na nguvu siku ile. Halafu mtu huyo, akija kutoka mjini Kumasi, analala hotelini. Kwao! Hoteli na nyumba ya baba yake zinatazamana. Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya.

Na isidhaniwe ni hoteli ya maana. Hoteli ya Subira ni vyumba vya mstari mmoja chini ya bati, milango ya kijani, ndoo na kopo la kuogea, feni inayozunguka siku ikijisikia. Wanalala pale madereva wa malori ya vitunguu, wakaguzi wa shule, na wanaume wenye shughuli ambazo wake zao hawazijui. Mgeni asiye na kwao hapa, sawa, alale. Lakini mtu ambaye mama yake anamtwangia mtama ng'ambo ya barabara?

Mama yake alikuwa Evarista, mke mwenzangu. Tuligombania mume, tukagombania mafiga, mume akafa tukabaki tunagombania nani atangulie kumfuata. Sisemi tulipendana. Nasema nilimjua. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alikuwa na haja moja tu katika uzee wake: mwanawe alale chumbani kwake usiku mmoja. Usiku mmoja. Hakutaka bati, hakutaka kitenge. "Nisikie tu anavyokoroma," alikuwa ananiambia. "Baba yake alikuwa anakoroma vile."

Bayuo aliondoka kijana, akaenda kuuza matairi huko Kumasi, akaoa huko. Aliporudi mara ya kwanza mtu mzima, ulikuwa msimu wa upepo wa vumbi, karibu na Krismasi. Habari hatukuipata kwake. Tuliipata sokoni, kwenye jiko la pombe ya mtama, mbele ya watu.

"Mama Bayuo," muuza pombe akasema, "mbona hujafagia? Mwanao yuko Subira tangu jana. Au kwako kuna kunguni?"

Wanawake wakacheka. Evarista akacheka nao. Akaweka chini kibuyu cha pombe, hajakionja.

"Amechoka na safari," akasema. "Nilimwambia mimi apumzike kwanza."

Uongo mtupu. Na mimi nikauitikia.

Tulirudi nyumbani akakoroga maji ya unga wa mtama, yale anayopewa mtu akifika kabla hajaulizwa habari ya njiani. Kwetu mtu hajafika mpaka ayanywe. Akayaweka kwenye kibuyu kizuri, akakifunika, akakiweka kichwani. Mwanamke mzee, anampelekea mwanawe maji ya kumkaribisha, barabarani, watu wanaona. Nilimfuata kwa sababu nilitaka kumzuia, nikashindwa.

Getini palikuwa na mlinzi, Atanga. Huyu ni Mfrafra, na Wafrafra ni watani wetu sisi Wadagaaba, Mungu ametuletea watuchokoze mpaka makaburini.

"Simameni hapo, walaji wa vichwa vya mbwa!" akatupigia kelele. "Hapa hatununui bibi wazee, tunao wa kutosha."

"Fungua, mwizi wa kuku," nikamwambia. "Mwite Bayuo."

Bayuo akatoka. Shati limenyooka, viatu vinang'aa. Akapiga goti kumsalimu mama yake, hilo sitamnyima. Evarista akamshushia kibuyu.

"Mwanangu, umefika."

Akakitazama. Akatutazama. Akasema, "Mama, samahani. Tumbo langu siku hizi haliwezi maji ya kisima. Nakunywa ya chupa."

Hapo nilitamani barabara ipasuke inimeze. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya yule aliyeshika kibuyu kwa mikono miwili hajui akipeleke wapi. Kukirudisha nyumbani kimejaa, watoto wa nyumba nzima waone? Kumwaga? Evarista akageuka, akamwona Atanga.

"Basi kunywa wewe, mwana wa watu."

Atanga alikuwa na jibu la utani mdomoni, niliona kabisa linakuja. Akalimeza. Akachuchumaa, akapokea, akanywa mpaka unga wa chini. Tulipofika nyumbani Evarista akawaonyesha wote kibuyu kitupu.

"Kamaliza yote," akasema.

Ikawa hivyo kila mwaka. Bayuo anakuja na vumbi, anatua Subira. Asubuhi anavuka barabara, anakaa nje kwenye kibaraza, tunamtolea kiti kama mkaguzi wa shule. Anauliza mbuzi wanaendeleaje. Uani haingii. Anasema anawahi. Mama yake kabla ya hapo amekwisha piga sakafu ya chumba upya kwa kibao, ameipaka maji ya maganda ya mti wa dawadawa mpaka inang'aa kama kiatu, ametandika mkeka mpya. Halafu jioni anabeba kibuyu kwenda getini, anakunywa Atanga.

Atanga akazoea. Siku zake za kupumzika akawa anakuja kula kwa Evarista, ugali wa mtama na mchuzi wa bamia, anamtukana kila tonge.

"Bibi, mchuzi wako unateleza kuliko maneno ya padri."

"Kula, ubongo wa mbwa wewe."

Nilikuwa nawasikia wanacheka. Kitu hicho kiliniuma, sijui kwa nini kiniume mimi.

Halafu mvua za mwaka ule mbaya zikaangusha chumba cha Evarista. Chumba kile kile alichomzalia Bayuo. Ukuta wa nyuma ulilala chini mchana kweupe, bahati alikuwa shambani. Tukamjengea kingine upande wa pili wa ua, karibu na zizi la mbuzi, na Atanga alibeba udongo siku nzima anaimba matusi. Pale pa zamani pakabaki kilima cha udongo, Evarista akapanda bamia.

"Mpelekee mwanao habari," nikamwambia.

"Usimwambie. Ataona mwenyewe akiingia."

Hakuingia.

Nilimvaa Bayuo mara moja tu. Nilikwenda Subira peke yangu, nikamkuta nyuma ya vyumba anafua shati. Yeye mwenyewe. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na suruali yake, makalioni imeshonwa na kushonwa tena. Pembeni bakuli la unga wa muhogo wa kukaanga, umelowekwa kwa maji. Maji ya bomba la uani, hapakuwa na chupa wala mwana wa chupa. Akaniona naona.

"Mama mdogo," akasema, "usimwambie."

"Nisimwambie nini? Kwamba hata hilo tumbo ulidanganya?"

"Nikilala nyumbani wataniomba nguo wafue. Wataona. Na nilimuahidi nyumba ya matofali, Mama mdogo, niliapa mbele ya watu. Nitalalaje kwenye udongo ule namtazama?"

"Kwa hiyo ukaona bora usimtazame."

Akainamisha kichwa. Watu wengine wangemhurumia. Matairi hayaendi, mke anadai, sawa. Lakini umaskini sisi sote tunao, tunafua nao, tunakula nao, nani aliyekwambia unafichwa kwa mama? Mwanamke alikuosha mavi, atashtuka na kiraka? Nilimwambia hayo, na mengine ambayo padri alinikataza kuyarudia. Nikamwambia, "Anataka usiku mmoja. Nenda leo."

"Mwakani, Mama mdogo. Mwakani nitakuja nimejiandaa."

Mwakani Evarista alikufa. Alikufa wakati wa kung'oa karanga, ameketi, fungu la karanga mapajani.

Tukapeleka habari Kumasi. Bayuo akasafiri, akashuka kwenye basi asubuhi, marimba zinalia, kijiji kizima kimejaa uwanjani kwetu, mama yake amekalishwa juu ya jukwaa la msiba, kama tunavyowakalisha maiti wetu, amevishwa kitenge chake cha Pasaka, uso ametuelekezea. Na Bayuo, mbele ya macho yetu sote, akavuka barabara kwanza kwenda upande ule. Akaweka begi Subira. Ndipo akaja.

Hata wapiga marimba walikosea pigo. Nilitazama chini. Wageni wa ukweni walikuwepo, watu wa parokia walikuwepo, wote wameona begi.

Kwetu mfiwa hafiwi hivi hivi. Anafungwa kamba kiunoni, asije akajitupa kisimani kwa uchungu, na mtu anaishika ile kamba nyuma yake. Ndugu wa damu hashiki, naye ana uchungu wake. Anashika rafiki, uliyekula naye, anayejua ukichanganyikiwa utakimbilia wapi. Mtoto aliyefiwa na mama bila kamba ni kama mpita njia aliyesimama kutazama ngoma.

Mzee Tengan, mkubwa wa ukoo, akainua kamba ya magome.

"Nani anamshika Bayuo?"

Wanaume wakatazamana.

"Nauliza, nani anamshika mtoto wa marehemu?"

Wa rika lake wote walikuwepo, waliochunga naye mbuzi. Mmoja akakuna shingo. "Mzee, mimi sijanywa naye hata kibuyu kimoja tangu aondoke. Nitajuaje anakimbilia wapi?" Mwingine akajifanya kufunga kiatu, na hakuvaa viatu.

Bayuo amesimama peke yake katikati, mikono haina kazi. Na Evarista anatazama kutoka juu. Nimezika wazazi, nimezika mume, nimezika watoto, sijapata kuona msiba wenye aibu kama ule. Nilijifunika kanga usoni, watu wakadhani nalia.

Ndipo tukasikia kelele barabarani.

"Wapisheni wenye mwana! Wapisheni!"

Atanga. Amevaa shuka la hoteli begani, kichwani ameweka mto, mkononi kamba ya nguo ya Subira, ile ile. Shingoni amening'iniza ufunguo wenye kibao cha namba tatu. Watani wana ruhusa msibani, hata maiti wanaweza kumdai deni, hakuna wa kuwakasirikia. Watu wakaanza kucheka kabla hajafika.

"Poleni, Wadagaaba," akasema. "Tumesikia mmefiwa. Lakini mtoto ni wetu, analala kwetu. Tumemletea mto wake asikose usingizi. Na kamba yake hii hapa, inajua nguo zake zote, hata zile za ndani."

Kicheko kikapanda. Wanaume walishika mbavu. Akamvika Bayuo ufunguo shingoni, akamfunga kamba kiunoni, akaivuta kama ya mbuzi.

"Mnauliza akichanganyikiwa atakimbilia wapi? Chumba namba tatu! Njia naijua hata nikifumba macho." Halafu sauti ikabadilika, utani ukamtoka. Akamgeukia Evarista kule juu. "Bibi, na maji yako nimeyanywa mimi. Miaka yote. Usiseme hakufika mtu."

Kicheko kikakatika pale pale. Sasa kila mtu akajua vile vibuyu vitupu viliishia wapi.

Bayuo akatoa sauti, sijui niiite nini, kama ya ndama aliyenaswa. Akaruka, akakimbia. Watu wote wakageuza shingo upande wa barabara, upande wa hoteli. Hakwenda huko. Akaingia uani, mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, Atanga nyuma yake na kamba. Sisi tukawafuata.

Akakimbia moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa mama yake. Mlango haupo. Akasimama katikati ya bamia.

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akagusa hewa kwa mkono pale ulipokuwa ukuta. Mtu mzima, amefungwa kamba ya nguo, ufunguo wa hoteli kifuani, hajui mama yake alikuwa analala wapi. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Atanga ndiye aliyesema, taratibu, "Huku, ndugu yangu. Karibu na mbuzi. Chumba kilianguka." Akamvuta kwa kamba, polepole, mpaka kwenye mlango wenyewe. Ndani sakafu ilikuwa inang'aa. Mkeka ulikuwa umetandikwa, maana msimu wake wa kuja ulikuwa umekaribia.

Tulimzika Evarista. Jua linashuka, watu wametawanyika, nikamwona Bayuo anavuka barabara na begi lake, anatoka Subira anakuja kwetu. Akaliweka kwenye chumba cha mama yake. Kisha akaja mlangoni kwangu, akachuchumaa.

"Mama mdogo. Nimefika. Naomba maji."

Nilijua anataka maji gani. Unga ulikuwepo, kibuyu cha Evarista kilikuwepo, nimekiosha mwenyewe asubuhi.

"Mtungi ule pale," nikamwambia. "Miguu unayo, chota."

Akachota maji ya kisima matupu, akanywa, akaenda kulala. Watu wanasema nilifanya vizuri, eti mtoto wa nyumba huchota mwenyewe, eti ndiyo namna yangu ya kumpokea. Waache waseme. Mimi nilikuwa namnyima.

Usiku ule alikoroma. Kama baba yake kabisa. Nililala macho nasikiliza, nikasema moyoni, haya, Evarista, anakoroma, na anayesikia ni mimi.