Kinanda Kilichopiga Chenyewe Iringa

Naanza kwa kukiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wakaongeza chumvi: ndiyo, yule kijana aliyesimama mbele ya kanisa zima kule Iringa amenyoosha mikono juu kama kibaka aliyezungukwa ni mimi, na hapana, sikuwa nimeshukiwa na Roho.

Nasoma kidato cha tatu hapa Mbeya, nyumbani ni mtaa wa Soweto, na kwaya yetu ilibaki bila mpiga kinanda kaka Ambakisye alipopata kazi Songea. Kabla hajaondoka alinifundisha mambo mawili. La kwanza, kupiga kila wimbo kwenye Doh ya C, yaani vitufe vyeupe tu, na wimbo ukitaka Doh ya juu zaidi unabonyeza transpozi, kinanda kinapandisha kila kitu chenyewe na vidole vyako vinabaki palepale (wapiga vinanda wengi wa makanisani huku ndivyo tunavyoishi, msinikodolee macho mimi peke yangu). La pili, waya wa MIDI.

Huo waya haubebi sauti, unabeba maagizo. Nikibonyeza kitufe, kinanda changu kinatuma ujumbe kwa mwenzake kwamba noti fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, na nikiinua kidole kinatuma mwingine kwamba imeachiwa. Kile kinachopokea hakiulizi swali, kinapiga kilivyoambiwa, kwa sauti zake chenyewe. Siku niliyolielewa hilo nikajiona injinia.

Sasa mwenyekiti wetu wa kwaya, Mama Tumpe, haamini mainjinia. Aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, ziara ya Iringa ndiyo mtihani wako. Ukipiga vizuri, kiti cha Ambakisye ni chako. Ukiharibu, tunarudi kwenye ngoma na kayamba." Na mimi kile kiti nilikitaka kuliko nilivyotaka kufaulu fizikia (ya fizikia tuyaache).

Tulilala Iringa Jumamosi, na asubuhi, baridi ya kule juu bado inauma masikio, nikaingia kanisani na kinanda changu begani. Mpiga kinanda wa wenyeji, kaka Lusungu, akanipokea vizuri kabisa.

"Kamwene, dogo! Hicho cha nini tena? Piga hiki chetu. Spika zimeungwa hapa, na jeki yenyewe tumeizungushia solotepu, ukiichomoa leo haturudi hewani."

Mtu mwenye akili angesema asante, akakaa, akapiga. Mimi nikaona aibu, nani apige kinanda cha watu asichojua vitufe vyake, tena changu nilishakifuta vumbi, na stendi nilishaipanga pale mbele ambapo wasichana wa sauti ya pili wangeniona vizuri.

"Nimezoea changu, kaka."

"Sauti yako itatokea wapi sasa?"

"Nina waya," nikasema, kwa sauti ya daktari wa upasuaji.

Nikaunganisha changu na chake, sauti ya changu nikaizima ili isikike ya spika tu, nikajaribu, safi. Nabonyeza mimi kule mbele, kinaimba cha Lusungu kule ukutani. Lusungu mwenyewe akatikisa kichwa, "Dogo una mambo!" Hapo kichwa changu kilivimba hadi kofia ingekataa.

Ibada ikaanza, kwaya ya wenyeji ikaimba kwanza, Lusungu akapiga, kisha akakifunika kinanda chake kwa kile kitambaa cha kufuma na kutoka nje na wenzake. Ila kwa wimbo wao alikuwa amebonyeza transpozi hatua nne juu, na akaiacha hapohapo, kama ambavyo hata mimi ningeiacha. Mimi nikaweka changu tatu kama tulivyofanya mazoezi. Kioo cha kinanda chake sikukitazama, kiko chini ya kitambaa, na kwa nini nikitazame wakati asubuhi kilikuwa safi? Kwa hiyo kinanda changu kikatuma noti zilizopanda tatu, na chake kikazipokea kwa utii kikazipandisha nne zingine. Tatu na nne, wapendwa. Saba.

Nikapiga utangulizi, nikahisi mbona kama tuko juu juu, nikasingizia spika. Kwaya ikachukua Doh kwenye kinanda kama ilivyozoea. Ubeti ulipita, maana uko chini. Kiitikio ndicho kinapanda. Mama Tumpe, ambaye ndiye anaongoza sauti ya kwanza, akapanda nacho, mishipa ya shingo ikamtoka, kwenye noti ya juu kabisa kikatoka kitu kama breki za lori kwenye mteremko, na wale wa nyuma yake wakanyamaza mmoja mmoja. Akanigeukia.

Ningeshusha transpozi yangu, tungepona. Lakini akili ilishahama, nikawaza nikate tu kinanda, waendelee kwa midomo. Mkono wa kulia ukiwa bado umekandamiza akodi, noti tatu kwa pamoja, kwa kushoto nikachomoa waya.

Fikirieni wenyewe. Ujumbe wa "zimebonyezwa" ulishafika. Ule wa "zimeachiwa" ungepitia wapi? Na sauti niliyochagua ilikuwa ogani, ambayo haififii. Kinanda cha Lusungu kikabaki kinasubiri amri isiyokuja, huku kinalia ngaaaaaa, kimefunikwa kitambaa, hakuna mtu hata karibu yake.

Mtoto mmoja benchi la mbele akapasua kwa sauti, "Mama! Kinapiga chenyewe!" Bibi aliyekuwa jirani nacho akabeba mkoba wake akahamia upande wa pili.

"Kijana," mchungaji akasema kwa upole kwenye maiki, "tumekusikia. Inatosha."

Ndipo nikanyoosha mikono yote miwili juu, aone kwamba sigusi. Ngaaaaaa.

Lusungu akaingia mbio na kikombe cha chai mkononi, akafunua kitambaa, akazima swichi. Mama Tumpe akakohoa, akatoa Doh kwa mdomo wake mwenyewe, na wakaimba wimbo wote upya bila mimi, vizuri mno, watu wakasimama wakipunga vitambaa, na mimi nimesimama nyuma ya kinanda kilichozimwa kama mlinzi wa benki.

Baada ya ibada, kwenye chakula, Mama Tumpe alinikuta peke yangu na sahani yangu.

"Kuanzia leo unaimba besi," akasema. "Siku ukiweza kuupiga ule wimbo kwenye Doh yake kwa vidole vyako, bila hicho kitufe chenu cha uvivu, njoo nyumbani."

Nimeapa siungi tena vinanda viwili bila kusoma vioo vyote viwili, na waya sichomoi mpaka niwe nimeinua vidole vyote. Nimeapa pia kujifunza vitufe vyeusi. Juzi nikabeba kinanda hadi kwa Mama Tumpe, nikampigia ubeti mzima wa ule wimbo bila kile kitufe, akiwa anachambua mchele, sikukosea hata noti.

"Vizuri," akasema bila kuinua macho. "Kiitikio?"

Nikakunja stendi yangu, nikaaga.